Mbio za nyika Ngaramtoni: tumevuliwa majaketi, tukasimamishwa kwenye manyunyu tumsubiri mgeni rasmi

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa ndani ya mablanketi mawili na vidole vya miguu bado vinawaka.

Jumamosi nilikimbia mbio za nyika kule juu ya Ngaramtoni. Waandaaji siwataji, waliokuwepo wanawajua. Ada elfu thelathini, kilomita 10, kuanza saa moja kamili asubuhi. Julai ya Arusha hamhitaji kuelezwa: Meru huioni, ukungu umelala hadi kwenye migomba, na yale manyunyu ambayo hayakuloweshi mara moja, yanakuingia taratibu mpaka kwenye soksi. Saa moja kasorobo tukaamriwa mabegi yote yapande kenta, yatangulie mwisho wa mbio. Tukavua majaketi, tukabaki na singlendi na bukta. Kenta hiyoo, ikaondoka.

Ndipo jamaa wa kipaza sauti akatangaza: mgeni rasmi yuko njiani.

Alikuwa njiani kwa muda wa saa moja na dakika ishirini! Watu mia na kitu tunarukaruka kama kuku waliomwagiwa maji. Binti mmoja pembeni yangu alishindwa kufunga kamba za raba, vidole havikunji, nikamfungia mimi, na vyangu vilikuwa hivyohivyo. Tukaomba kenta irudi. Jibu: "Mtavuruga utaratibu." Na waliotujibu wako chini ya turubai, viti vimevalishwa vitambaa, chupa za chai mezani.

Kilichonichoma zaidi ni yule wa kipaza sauti. Eti, "Akhwari alimaliza marathoni Mexico 1968 mguu umefungwa bendeji, nyie mnalia baridi?" Kaka, Mzee Akhwari aliumia akiwa anakimbia. Hakusimamishwa uwanjani na singlendi amsubiri mtu aliyechelewa kuamka.

Najua watakuja wa kusema nyika ndiyo hiyo, tope na baridi, ukitaka starehe kacheze drafti. Tope sina neno nalo. Aarhus kule Denmark, 2019, kwenye mashindano ya dunia, tope waliliweka kwa makusudi kabisa na wakawapitisha watu juu ya paa la makumbusho. Ulaya msimu wenyewe wa nyika ni wakati wa baridi. Lakini huko mkimbiaji anavua koti dakika za mwisho, filimbi inalia, anaondoka. Ukikimbia mwili unajipasha wenyewe. Kinachokumaliza ni kusimama na nguo mbichi, maana nguo mbichi inakunyonya joto, na misuli iliyopoa hivyo ukikurupuka nayo ghafla ni rahisi kuchanika.

Mbio zenyewe sasa. Njia waliichora kwa chokaa. Chokaa, wakuu, kwenye manyunyu! Tulipofika njia panda ya shamba la kahawa hakuna mstari wala mtu wa kuelekeza. Wengine kushoto, wengine kulia. Saa yangu ilisoma kilomita 8.4, jirani yangu 11.2, na wote tumepewa matokeo ya kilomita 10. Washindi wenyewe sijui waliwapataje.

Mwisho wa mbio kenta ipo, turubai limefungwa kamba, dereva kaenda kunywa supu. Dakika arobaini tunatoa mvuke mwilini kama ng'ombe waliotoka josho. Kijana anayegawa maji akanipa chupa kutoka kwenye deli la barafu. Barafu! Nilimtazama usoni nikajua hana kosa, katumwa tu.

Ada sitaki mnirudishie. Nataka mwakani mabegi yakusanywe mgeni rasmi akiwa ameshafika, na kama hajafika saa moja, tukimbie, atatukuta kwenye medali. Nimewapigia tangu jana, simu inaita tu.

Jambo la mwisho. Wakati tunasubiri, kuna mzee wa Kimaasai, mlinzi wa shamba la jirani, alivua shuka lake akatufunika watu watatu bila kuulizwa, yeye akabaki na moja jepesi. Filimbi ilipolia ghafla niliondoka nalo, nikamaliza mbio nimelifunga kiunoni. Nyekundu, lina tundu dogo la moto pembeni. Nimelifua. Mwenye kumfahamu aje PM, Jumatano nitakuwa huko.