Mjadala: Aliyemficha mpenzi wake kuwa ana VVU, ahukumiwe kama mbakaji?

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi, maana linagusa nyumba nyingi.

Kisa chenyewe ni cha Trevis Smith, kijana wa Montgomery, Alabama, Marekani, aliyevuka mpaka mwaka 1999 kwenda Kanada kuchezea Saskatchewan Roughriders, timu ya futiboli ya mji wa Regina, jimbo la Saskatchewan. Futiboli ya Kanada ni ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, binamu wa futiboli ya Marekani. Smith alicheza upande wa ulinzi, na kwa misimu 7 mashabiki wa Saskatchewan walimshangilia. Mwaka 2003 alipimwa akakutwa na VVU. Mwishoni mwa 2005 akakamatwa, na polisi wakatangaza jina lake hadharani. Hakuichezea tena Roughriders. Februari 2007 mahakama ya Regina ilimtia hatiani kwa makosa mawili, wanawake wawili aliolala nao bila kuwaambia hali yake, akapewa miaka 5 na nusu. Baadaye akarudishwa Marekani.

Sasa angalieni jina la kosa lenyewe: shambulio kubwa la kingono. Adhabu yake ya juu Kanada ni kifungo cha maisha. Msingi wake ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kanada ya mwaka 1998, kesi ya Cuerrier, iliyosema hivi: ukimficha mwenzako VVU, na tendo lina hatari kubwa ya kumdhuru, basi ile ridhaa yake uliipata kwa ulaghai, na ulaghai unaifuta. Si lazima mtu aambukizwe ndipo kosa litimie.

Mimi msimamo wangu ni huu. Anayejua hali yake, hatumii dawa, hatumii kinga, na anamwacha mwenzake gizani, huyo ana kosa la jinai na sitamtetea hata siku moja. Wanaotetea haki za wenye VVU wakati mwingine wanamsahau mwanamke aliyejua habari hii kutoka kwa polisi, akakaa miezi akisubiri majibu ya vipimo. Na kuna waliokufa. Johnson Aziga, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa akiishi Hamilton, Ontario, alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kuua kwa kukusudia, baada ya wanawake wawili aliowaambukiza kufariki. Huyo huwezi kumwambia eti suala lake ni la afya ya jamii tu.

Lakini kumweka kapu moja na mtu anayemeza ARV zake kila siku, hapo sheria inakosea. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulifuatilia jozi za wapenzi zaidi ya 800, mmoja ana VVU na mwingine hana, wakikutana bila kondomu. Kwa wale ambao dawa zilikuwa zimefubaza virusi, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Mahakama ya Juu ya Kanada yenyewe ililegeza kidogo mwaka 2012 katika kesi ya Mabior, ila ikataka vyote viwili, virusi viwe vichache na kondomu itumike. Kwa hiyo, kwa kipimo cha hukumu hiyo, mtu asiye na uwezo wa kuambukiza anaweza kusimama kizimbani kama mbakaji. Kwa ushahidi upi?

Na msidhani haya ni ya Wakanada peke yao. Kenya ilikuwa na kifungu cha 24 katika sheria ya ukimwi ya 2006, kilichomtaka mwenye VVU amjulishe mwenzake wa ngono, Mahakama Kuu ikakifuta Machi 2015 kwa sababu maneno yake hayakuwa na mpaka unaoeleweka. Tanzania sheria ya 2008 bado inamtaka mtu amjulishe mwenzi wake.

Hapa kwetu wa kwanza kujua ni nani? Ni mama mjamzito. Anaenda kliniki hudhurio la kwanza, anatobolewa kidole, anatoka na kadi na dawa. Mume hajapima, na pengine hataki kupima. Akimwambia, anaweza kupigwa na kufukuzwa kwa madai kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa. Akinyamaza, ni mhalifu. Sheria iliyotungwa kumkamata mwanaume kama Smith inamnasa huyu mama kirahisi zaidi, kwa sababu jina lake tayari limo kwenye daftari la hospitali, na la mumewe halimo.

Najua hoja iliyo nzito upande wa pili: mwili ni wangu, nina haki ya kujua kabla sijakubali, hata hatari ikiwa sifuri. Naiheshimu. Mwenye kunificha jambo hilo amenikosea na ndoa inaweza kuvunjika kwa hilo. Ila kukosewa na mpenzi na kushambuliwa si kosa moja.

Mnaotaka sheria ibaki kama ilivyo, nijibuni: huyo mama wa kliniki, anayemeza dawa zake na virusi havionekani kwenye kipimo, mnamfunga miaka mingapi?