Bei "imepaa" au "imefyatuka"?

Mwalimu wa Dodoma:
Habari zenu, ndugu zangu. Jana wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliniuliza kwa nini maneno "soar", "surge" na "skyrocket" yote nimeyaandika ubaoni kuwa ni "kupanda kwa kasi", nami sikuwa na jibu la kuwatosheleza. Naomba msaada.

Mfasiri:
Mwalimu, wanafunzi wako wameona mbali. "Soar" ni neno la ndege apaaye juu kwa utulivu, kama tai aliyetanua mbawa bila kuzipigapiga, na kwa hiyo "kupaa" linalibeba vizuri kabisa. "Surge" limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuinuka, nalo huchora wimbi linalojaa na kusukuma. Mimi husema "kufurika" umati unapoongezeka ghafla. "Skyrocket" awali lilikuwa jina la fataki, ndiyo maana napendelea "kufyatuka".

Mkulima wa Kongwa:
Nakubaliana na mfasiri, isipokuwa hapo kwenye fataki. Sokoni Kibaigwa, gunia la mahindi linapopanda bei kati ya asubuhi na jioni, tunasema bei "imeruka", na kila mtu anaelewa. Mtafsirie mwanafunzi neno analolisikia nyumbani kwao.

Mwalimu wa Dodoma:
Nawashukuru sana. Na "zoom" je, kwa treni ya umeme itokayo Dar es Salaam, iendayo hadi kilomita 160 kwa saa?

Mfasiri:
Hilo ni mwigo wa sauti, Mwalimu. Andika "imepita vuu!"