Kizibao, mkoba wa kiunoni au wa kifuani? Kubeba vifaa vya trauti Mathioya na Aberdare

Mshipi_Mwepesi aliuliza:

Wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Navua trauti kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu), zaidi kwenye mto Mathioya ya Kaskazini huko kwenye majani chai, na mara mojamoja mto Chania ndani ya hifadhi ya Aberdare. Natumia kizibao cha mifuko 14, na kila ikifika saa sita mchana shingo imekaza na mabega yanawaka moto. Maji ninayoingia ni ya magotini hadi mapajani, kiunoni ni mara chache.

Ninavyobeba: visanduku 5 vya nzi, nyuzi nyembamba za 3X hadi 6X (namba ikipanda, uzi unazidi wembamba), koleo ya kung'olea ndoana, kikata uzi, mafuta ya kupaka nzi aelee, koti la mvua, maji lita 1.5, chakula, na wavu wa kuopolea unaoning'inia mgongoni. Nihamie mkoba wa kiunoni, wa kifuani, au ule wa bega moja? Bajeti si kubwa.

KandoYaMto alijibu:

Kabla hujanunua chochote, kitundike hicho kizibao kwenye mizani kikiwa kimejaa. Maji peke yake ni kilo moja na nusu bila chupa. Ongeza koti, chakula na visanduku, kilo 3 unazipita kwa urahisi, na zote zinaning'inia kwenye misuli ya shingo kwa sababu kizibao hakina mkanda wa kuteremshia uzito kiunoni. Tena mifuko mingi iko mbele, kwa hiyo mzigo unakuvuta chini wakati huohuo umeinamisha kichwa kufunga nzi. Mkoba mpya ukiujaza vilevile utaumia mahali pengine tu.

Punguza kwanza. Mathioya haihitaji visanduku 5. Kimoja cha nzi wa kuzama, ndoana namba 10 hadi 14, wengi wawe wa aina ya Kenya Bug. Cha pili cha nzi wa kuelea, 12 hadi 16. Vingine vibaki garini. Nyuzi, 4X na 5X zinatosha siku nzima. 6X kwenye mto wenye mawe mengi hivyo ni kumpa samaki ndoana aondoke nayo.

Ukishapunguza, kwa kina ulichotaja mimi nasema kiunoni. Mkanda ukae juu ya mfupa wa nyonga, usikae tumboni, uwe na upana wa sentimita 4 au 5. Mkoba wenyewe usizidi kimo cha sentimita 15 hivi, la sivyo kila ukipanda jiwe paja linaugonga kwa chini. Unatembea nao ukiwa nyuma, unauzungusha mbele ukitaka kubadilisha nzi. Kwa hiyo jaribu kama kweli unazunguka juu ya nguo nene, kwa sababu mingine ina sponji inayong'ang'ania na unaishia kuvua na kuvaa upya kila mara.

Udhaifu wake ni maji ya kiunoni. Chagua wenye mkanda wa ziada wa begani ili ukifika penye kina uufungue na kuuinua hadi kifuani. Usiokuwa nao usinunue, hata uwe wa bei ya kutupa.

Chania_Juu alijibu:

Nakubaliana kuhusu kupunguza, ila kiunoni kwa Chania, hapana. Kwenye mianzi na vichaka vya kingo unapita umeinama, na mkoba ulio nyuma unanasa kila baada ya hatua tatu bila wewe kuuona. Huko mkoba mwembamba wa kifuani pamoja na begi dogo la mgongoni la lita 10 hadi 15 ndio mpango. Maji, koti na chakula nyuma. Mbele visanduku viwili, nyuzi na koleo. Uzito unagawanyika pande mbili na shingo inapumua.

Wa kifuani una hatari moja kubwa: unaziba miguu. Mawe ya mito yetu ni ya mviringo na yana utelezi, na usipoona unapokanyaga utaanguka. Basi usiwe mnene zaidi ya sentimita 8 hadi 10, na ukae juu, chini yake isishuke kupita mbavu za mwisho. Jaribio la dukani: uujaze, uuvae, simama wima, tazama chini bila kuinama. Kama huoni ncha za viatu vyako, urudishe. Halafu inua goti hadi usawa wa nyonga, gusa vidole vya miguu, na urushe mkono kama unatupa mshipi mara ishirini. Mkono ukikwaruza mkoba hata mara moja, mtoni utakwaruza siku nzima.

Kosa la pili ni mapambo. Watu wanatundika koleo, kikata uzi na chupa ya mafuta kifuani mpaka wanafanana na mti wa Krismasi. Mkono wa kushoto unapovuta mshipi, mizingo inaanguka papo hapo mbele ya tumbo, na chochote kinachoning'inia kitaunasa. Samaki akikimbia wakati mshipi umezunguka koleo, uzi unakatika. Koleo iingie kwenye ala yake. Kikata uzi kiwe kwenye kamba fupi inayojirudisha yenyewe.

Wa bega moja ni sawa chini ya kilo 2, ukivaliwa bega lisilotupa. Zaidi ya hapo umehamisha maumivu upande mmoja tu, na ukiinama unateleza mbele hadi majini.

Halafu huo wavu. Ukiwa kwenye kamba ya mpira, kichaka kinaushika, unaendelea kutembea, mpira unavutika, kisha kinauachia. Unarudi kwa kasi ya manati na kukupiga kisogoni. Tumia klipu ya sumaku pamoja na kamba isiyonyumbulika, na ukiingia mianzini uutoe uufunge kwenye begi, mpini ukiwa chini.

Fundi_Turubai alijibu:

Kwa upande wa bajeti: mikoba ya kamera ya mitumba inafaa kuliko watu wanavyodhani. Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kuna ya kiunoni yenye kuta za sponji na mkanda mpana. Angalia mambo matatu. Mishono pale mkanda unapoingia kwenye mkoba. Uvute kwa nguvu, ukiona uzi mweupe unachungulia, fundi viatu aupige upya kwa uzi wa nailoni, mshono wa kisanduku wenye msalaba ndani. Pili zipu: isugue nta ya mshumaa, ifungue na kuifunga mara kumi. Mchanga ukishaingia, ipige mswaki na maji safi kwanza, maana nta juu ya mchanga ni msasa. Tatu, sponji ya kamera hunywa maji na kuwa nzito, kwa hiyo ng'oa vigawanyo vya ndani na umwambie fundi atie matundu mawili ya pete ya chuma chini ili maji yatoke.

Kisanduku cha nzi: dishi dogo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, ndani gundisha vipande vya malapa vyenye unene wa milimita 5, vikiwa na mikato ya wembe. Ndoana zinakaa imara.

Usipange kutumia mfuko wa plastiki kama kinga ya mvua. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, chupa za maji za dukani zikiwemo. Beba chupa ya chuma, na nguo ziwe kwenye mfuko mdogo wa turubai unaokunjwa mdomo mara tatu. Simu na leseni ya uvuvi humo humo.

Na samaki asiingie kwenye mkoba wa vifaa. Mtoe matumbo mapema, mlaze kwenye kiondo cha katani kilicholoweshwa, na ukichovye tena kila kikianza kukauka. Upepo ukipita kwenye unyevu unampoza. Kisanduku cha barafu ni kilo nyingine za bure.

Mshipi_Mwepesi:

Nimewaelewa. Basi kiunoni kwa Mathioya, kifua na mgongo kwa Chania. Bado swali moja: nikivaa suruali ya mpira ya kuingilia majini, mkanda wake na wa mkoba vinakaaje? Naweza kupitisha mkoba kwenye mkanda uleule nipunguze mambo?

KandoYaMto:

Usiviunganishe. Mkanda wa suruali ndio unaozuia maji yasijae miguuni ukianguka, kwa hiyo haufunguliwi ukiwa mtoni. Ubane kwanza, juu kidogo ya nyonga. Mkoba uvaliwe juu yake ukiwa na klipu yake yenyewe, ili ukikwama kwenye gogo uuachie bila kugusa ule wa kwanza. Jizoeze kuifungua kwa mkono mmoja, tena ule usioshika fimbo ya kuvulia. Mikanda ya kifuani inayopishana mgongoni ina kasoro hapo: mingine haivuliki bila kuipitisha kichwani. Iulize dukani kabla ya rangi.

Kati ya kidimbwi na kidimbwi msituni, beba fimbo ncha ikiwa nyuma. Ncha ikitangulia, jani moja la mwanzi linatosha kuivunja.

Begi la chakula usiliache kwenye kingo ukaenda kuvua mita hamsini mbali. Kima wa huko wanajua zipu.

Jioni fungua kila mfuko na kila kisanduku, nzi wakauke usiku kucha wakiwa wazi kivulini. Nzi mmoja aliyelowa akifungiwa kisandukuni, baada ya wiki utakuta kutu imehamia kwa majirani zake wote.