Nimelipa shilingi 40,000 kujifunza poka, nikafundishwa turufu isiyokuwepo

Ndugu wanajukwaa, nimesubiri wiki nzima hasira zipoe, hazikupoa. Nililipa shilingi 40,000 kwa mafunzo ya mwanzo ya poka, mchezo wa karata, kwa mtindo wa Texas Hold'em, na mwalimu, ambaye sitamtaja, akatumia jioni mbili kati ya tatu kutufundisha kukausha sura na kuzuga wenzetu, ilhali nusu ya darasa hatukujua kipi kinashinda kipi.

Jioni ya tatu tulicheza. Mezani zilifunuliwa karata zote tano: 10, 9, 8, 7 na 6, za rangi mchanganyiko (rangi za karata ni nne: kopa, uru, shupaza na pau), wala hapakuwa na rangi iliyofikisha karata tatu. Mkononi nilikuwa na ree (karata ya A) ya kopa na ree ya uru. Mwenzangu alishika ree ya shupaza na mbili ya pau. Kwa kuwa kila mchezaji huchagua karata tano zilizo bora kati ya mbili zake na tano za mezani, sote tulibaki na mfululizo ule ule, yaani karata tano zinazofuatana kwa namba, uliolala mezani, na ree zangu mbili hazikunifaa kitu. Dau lilipaswa kugawanywa nusu kwa nusu. Mwalimu akamsogezea mwenzangu vibao vyote vya kuwekea dau na kusema, "Shupaza ndiyo kubwa."

Kubwa wapi? Karata zetu za barazani zina turufu, nami nimezicheza tangu utotoni, lakini poka haina turufu, na katika kuamua mshindi rangi zote nne ni sawa.

Nilipohoji, akaongeza kosa la pili: eti mfululizo hushinda karata tano za rangi moja, kwa sababu "kupanga namba ni kazi." Hesabu inamkana. Karata 52 hutoa michanganyiko 2,598,960 ya karata tano. Iliyo mifululizo ya kawaida, isiyo ya rangi moja, ni 10,200, na ya rangi moja isiyofuatana ni 5,108 tu. Kilicho adimu ndicho kinachoshinda, na ngazi nzima, kuanzia jozi moja kwenda juu, imepangwa kwa msingi huo. Ni somo la dakika kumi, tena kabla chai haijapoa.

Vibao sividai, maana hatukucheza kwa fedha. Ninadai ada yangu. Ujumbe wangu ameusoma tangu Jumatatu, hajajibu, na jana ametangaza darasa la ngazi ya pili kwa shilingi 70,000.