Mrejesho: winchi ya pikapu, Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza winchi, yaani mashine ya kulivuta gari likikwama, ipi inafaa pikapu inayobeba karafuu kwenye njia za udongo huku Wete, na umeme wake utolewe wapi. Sasa imefungwa, na inavuta vizuri.

Kwa kuwa gari likijaa mzigo hufika kilo 2,800, nilifuata kanuni mliyonipa ya kuzidisha uzito huo mara moja na nusu, nikachukua ya kilo 4,300. Bamba lake limefungwa kwa bolti kwenye chesisi yenyewe, wala si kwenye bampa.

Umeme ndio uliohitaji uangalifu zaidi, kwani winchi ya volti 12 ikielemewa huweza kuvuta ampea 400 hivi. Kwa hiyo nyaya zote mbili ni nene na zinatoka betrini moja kwa moja, ile ya chanya ikipitia swichi kuu ya kukata umeme, na kila zinapogusa ukingo wa chuma fundi amezivisha mpira. Wakati wa kuvuta, injini huachwa ikiwaka ili betri isiishe.

Kamba nimechukua ya nyuzi, kwa sababu haishiki kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Aliyenisisitizia ile swichi, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.