Wachezaji wa bei mbaya waliotuangusha FPL: tupeane uzoefu kabla ya kufunga vikosi

Mtoa mada, Dar es Salaam

Habari za jioni wakuu. Msimu wa FPL (fantasi ya Ligi Kuu ya England, ambapo unaunda kikosi na wachezaji wako wakifanya vizuri uwanjani unapata pointi) ukikaribia tu, makundi ya WhatsApp yanajaa picha za vikosi, na vikosi vyenyewe vinafanana: wale wale wawili watatu wa bei mbaya, waliobaki ni wa kujazia. Una milioni 100 za mchezo, si hela halisi, za kununua watu 15. Ukimpa mmoja milioni 14, akikuangusha haanguki peke yake. Anaanguka na beki na kiungo ambao ungewapata kwa hela hiyo hiyo.

Naomba kila mmoja aeleze ni nani alimwangusha, alimnunua kwa sababu gani, na dalili ipi ilionekana mapema. Msimamo wangu ni kwamba bei ya msimu huu imepangwa kwa pointi za msimu uliopita, na wanaopandishwa sana ni wale ambao msimu huo kila kitu kiliwanyookea: hawakuumia, timu ilikuwa moto, na hata nafasi finyu waliziweka wavuni.

Naanza na Son wa Tottenham. Msimu wa 2021/22 alifunga mabao 23 bila penalti hata moja, akagawana kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora na Salah wa Liverpool. Uliofuata akawekwa milioni 12.0. Mechi sita za mwanzo za ligi, bao hakuna. Watu wakavumilia, wakachoka, wakaanza kumuuza. Halafu Septemba 2022 ikaja mechi na Leicester, kocha wake Conte akamweka benchi. Nilikuwa kibanda umiza Sinza. Son akaingia karibu dakika ya 60, akapiga matatu ndani ya dakika 13. Jamaa aliyekaa mbele yangu alikuwa amemuuza wiki hiyo hiyo. Bao la pili lilipoingia alizima simu, akaiweka mfuko wa shati na kuufunga kifungo, akaendelea kutazama mpira.

Son alimaliza na mabao 10. Baadaye akaeleza kuwa msimu ule alicheza akiwa na maumivu ya ngiri. Ndiyo maana namheshimu hata kama alituumiza.

Mdau, Nairobi

Asante kwa uzi, mkuu. Yangu ni Darwin Núñez, mshambuliaji wa Liverpool, Agosti 2022, na sitaisahau.

Ilianzia kwenye Ngao ya Jamii ya England, mechi ya kufungua msimu, Julai 30. Liverpool waliwafunga Manchester City 3-1, Núñez akatokea benchi na kufunga, na Haaland wa City naye akakosa goli mdomoni kabisa dakika za nyongeza. Usiku ule kwenye kundi letu la kazini watu walikuwa wakimtoa Haaland wa milioni 11.5 na kumweka Núñez wa 9.0. Wiki ya kwanza Núñez akaingia dhidi ya Fulham, bao moja na pasi ya bao. Waliosita nao wakamnunua wiki hiyo, wengine kwa kukubali adhabu ya pointi 4 ya kubadili mchezaji zaidi ya nafasi ya bure.

Mechi ya Crystal Palace, Anfield, Jumatatu usiku, akampiga Joachim Andersen kichwa. Kadi nyekundu, pointi 3 zimekwenda, na mechi tatu nje. Kati ya hizo tatu kuna ile ya Bournemouth ambayo Liverpool walishinda 9-0. Firmino alichukua mabao mawili na pasi tatu za mabao siku hiyo. Salah, ambaye wengi walikuwa wamempa unahodha ili pointi zake zihesabiwe mara mbili, hakupata bao wala pasi ya bao kwenye mechi yenye mabao tisa. Haaland yule yule aliyekosa kwenye Ngao akamaliza ligi na mabao 36.

Tangu hapo mechi ya maandalizi naitazamia mambo mawili: nani anaanza, na anasimama wapi uwanjani. Mabao yake siyahesabu.

Mdau, Mombasa

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Lukaku, 2021/22, milioni 11.5. Chelsea walimlipia pauni milioni 97.5, alikuwa anatoka kuchukua ubingwa wa Italia na Inter, na mechi ya kwanza tu pale Arsenal akafunga. Ikaja mechi na Aston Villa, akafunga mawili. Nani angemwacha?

Dalili ilikuwepo, ila ilihitaji mtu autazame mchezo wenyewe. Pale Inter alikuwa na mshambuliaji mwenzake Lautaro karibu yake na uwanja mpana mbele wa kukimbilia. Chelsea ya kocha Tuchel ilipasiana mpira polepole, na yeye amesimama katikati ya mabeki watatu akiupa mgongo lango. Oktoba akaumia kifundo cha mguu. Desemba yakatoka yale mahojiano ya Italia aliyosema hafurahii hali yake Chelsea, akaachwa nje kwenye mechi ya Liverpool. Na Februari, ugenini kwa Palace, alicheza dakika 90 akagusa mpira mara 7. Saba! Moja kati ya hizo ni ya kuanzisha mechi. Mabao ya ligi msimu mzima: manane.

Mtoa mada

Dada, wewe ulimshikilia mpaka lini?

Mdau, Mombasa

Mpaka alipoumia. Ndugu yangu alimshikilia mpaka Februari kwa sababu bei ilikuwa imeshuka na hakutaka kumuuza kwa hasara. Nilimwambia hela iliyopotea hairudi kwa kumsubiri, alikuwa na mabadiliko ya bure kila wiki.

Mdau, Mwanza

Aubameyang wa Arsenal, 2020/21. Misimu miwili mfululizo mabao 22 ya ligi, halafu FPL wakamhamishia kwenye viungo kwa milioni 12.0. Kiungo akifunga ni pointi 5 badala ya 4, na timu isiporuhusu bao anapata moja ya ziada, kwa hiyo kila mtu alipiga hesabu hiyo hiyo. Mechi ya kwanza akafunga kwa Fulham. Baada ya hapo Arsenal haikuwa ikitengeneza nafasi, na yeye alikuwa pembeni kushoto akisaidia kukaba. Desemba, mechi na Burnley, akajifunga kwa kichwa wakalala 1-0. Baadaye akapata malaria akiwa na timu ya taifa ya Gabon. Sisi wa Kanda ya Ziwa malaria tunaijua, mtu hawezi kutoka kitandani akarudi kukimbia siku mbili baadaye. Alimaliza na mabao 10.

Mdau, Minneapolis

Wakuu, niko Marekani. Nacheza FPL, na pia fantasi ya mpira wa Kimarekani na wenzangu wa kazini. Huku kuna ukatili zaidi. Ligi nyingi hazina bajeti: mnachagua wachezaji kwa zamu, na mmoja akishamchukua mtu, wengine hamumpati tena. Wanaogombaniwa ni wakimbiaji, wale wanaopewa mpira mkononi na kupenya katikati ya miili mikubwa. Ndio wanaoleta pointi nyingi, na ndio wanaoumia sana.

Mwaka 2024 Christian McCaffrey wa San Francisco 49ers ndiye alikuwa chaguo la kwanza karibu kila mahali. Mwaka uliotangulia alikuwa amekimbia yadi 1,459 na kufunga tachidauni 21 (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani). Kambini ziliposikika habari za maumivu ya mguu, timu ikasema mambo ni mazuri. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumatatu usiku na New York Jets. Mwenzangu aliyemchukua alikaa na simu mkononi mpaka orodha ilipotoka, kama saa moja na nusu kabla: McCaffrey hayumo. Wachezaji wake wengine walishacheza Jumapili, hivyo hakuwa na mtu wa kumweka. Aliyecheza badala yake, Jordan Mason, alikimbia yadi 147, na Mason alikuwa kwa mpinzani wetu mwingine.

McCaffrey alikosa mechi nane, akarudi Novemba, akacheza nne bila tachidauni hata moja, na katika ya nne akaumia goti Buffalo kwenye theluji. Kabla yake ilikuwa mkimbiaji mwingine, Jonathan Taylor: yadi 1,811 mwaka 2021, akachukuliwa wa kwanza 2022, akaishia 861. Wote wawili walikuwa wametoka kubebeshwa mzigo mzima wa timu. Nikiona mkimbiaji aliyepewa mpira zaidi ya mara 300 mwaka uliopita, namwachia mwenye zamu ya kabla yangu. McCaffrey mwenyewe 2025 alirudi akacheza msimu mzima, baada ya mwaka wa kupumzika.

Mdau, Arusha

Napingana kidogo na mtoa mada. Salah 2024/25 alianza milioni 12.5, watu wakasema umri umeenda, na akaweka rekodi ya pointi 344. Waliomkwepa kwa sababu ya bei walipoteza msimu. Msimu uliofuata akawekwa 14.5, na mwanzoni mwa Desemba alikuwa benchi. Bei ilikuwa imebadilika, lakini kilichobadilika zaidi ni waliomzunguka. Wenzake Liverpool, beki Trent kaenda Real Madrid, winga Díaz kaenda Bayern, na kikosi kizima kilikuwa na msiba wa mwenzao Diogo Jota, aliyefariki Julai 2025. Mimi ningeanza na swali la nani anampasia, ndipo nije kwenye bei.

Mtoa mada

Mkuu wa Arusha, hoja nimeipokea na naiongeza. Mwangalieni Palmer wa Chelsea pia: alianza 2023/24 kwa milioni 5.0 akafunga 22, tisa kati ya hayo ni penalti. Uliofuata akawa 10.5. Kufikia katikati ya Januari 2025 alikuwa na mabao 14, kisha hakufunga tena kwenye ligi mpaka Mei 4 dhidi ya Liverpool, nayo ilikuwa penalti.

Kwa hiyo kwa kila mchezaji wa zaidi ya milioni 10 naomba tujaze mambo matatu hapa: penalti ni za nani, nani aliyekuwa akimlisha ameondoka, na alipumzika kiasi gani kiangazi. Mwenye kufuatilia kambi za Chelsea na City aanze, mimi nitaleta za Liverpool kesho jioni.