Medicaid ya watoto: tuombe sasa au tungoje grini kadi?

Mwana_wa_Fizi (mwanzisha mada)
Habari za wakati huu, wakubwa shikamooni. Sheria iliyotiwa saini hapa Marekani 4 Julai 2025 inasema kuanzia 1 Oktoba 2026 mkimbizi au aliyepewa hifadhi, kama hana grini kadi (kibali cha kuishi nchini daima), hatalipiwa tena Medicaid, ile bima ya afya ya wenye kipato kidogo, kwa fedha za serikali kuu. Novemba 2025 likaja pendekezo la kuifuta kanuni ya 2022 inayohusu wahamiaji wanaohesabiwa kuwa mzigo kwa serikali, ambao wanaweza kunyimwa grini kadi. Sasa hapa Texas wazazi wanasema bora watoto wakae bila Medicaid kuliko kuharibu karatasi za familia nzima. Mimi nasema mtoto aombewe leo. Anayepinga aje na sababu.

Mlinzi_wa_Lango
Nipo napinga. 2025 serikali iliwapa watu wa uhamiaji taarifa za wenye Medicaid, majimbo yakakimbilia mahakamani. Leo unamwambia mama aandike anwani yake mwenyewe kwenye fomu? Na wanaoumia zaidi ni hawa wanaowapa watu wa kanisani dola 50 wawajazie karatasi wasiyoisoma. Wangeisoma wasingeweka saini.

Fundi_Nyaraka
Tutenganishe mambo. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wametolewa kwenye kipimo cha mzigo kwa serikali na sheria yenyewe, si na kanuni ya 2022. Hata kanuni ikifutwa kesho, wao hawaguswi. Pili, sheria mpya imeliacha lile chaguo la majimbo kuwapa bima watoto wanaoishi nchini kihalali. Texas wamelichukua, Ohio pia. Kwa hiyo Oktoba 2026 pigo linampata mzazi. Mtoto wa mkimbizi Texas anabaki ndani. Anayetakiwa kujihadhari ni yule asiye na kibali kabisa, na huyo anaweza kumwombea mtoto wake raia bila kutaja hadhi yake wala namba yake ya Social Security, kwa sababu yeye si mwombaji. Anwani ataandika, ndiyo, na hapo hofu ya Mlinzi ina msingi.

Mama_Baraka
Mlinzi, "watu wa kanisani" ndio nani? Sema tu unamsema nani. Hao ndio wanaokaa na wajane mpaka saa nne usiku wakipanga I-94 (karatasi ya kuingilia nchini) na karatasi za mshahara. Wewe umemjazia nani?

Mlinzi_wa_Lango
Sijataja mtu, dada. Lakini kama jiwe limekufika, uliza kwa nini. Dola 50 kwa fomu ambayo jimbo linaitoa bure na mkalimani bure?

Kijana_wa_Columbus
Mkalimani bure yupo, lakini ukikosa la kusema kwenye simu utakaa mpaka betri iishe. Kazi ya mtu ilipwe. Fundi wa magari mnamlipa bila kelele.

Bibi_Uvira
Wanangu, ugomvi wa dola 50 hautibu mtoto. Hapo Texas piga 2-1-1, simu ya huduma za jimbo, chagua lugha, halafu bonyeza 2. Mhudumu akipokea sema "Swahili" tu, unyamaze ungoje. Usimpe simu mtoto wako wa darasa la tano akutafsirie mambo ya mshahara.

Fundi_Nyaraka
Shikamoo Bibi, umesema kweli. Mimi simchukii anayelipwa, nachukia anachokiandika. Makosa ni yale yale. Kwanza, kwenye H1205, fomu ya Texas ya kuombea bima, mjazaji anaweka namba yake ya simu na anwani yake "ili afuatilie". Barua ya kudai nyongeza ya hati inakwenda kwake, siku zinapita, ombi linakataliwa, na mama hajui chochote.

Pili, mshahara. Anayelipwa kila wiki mbili analipwa mara 26 kwa mwaka. Zidisha kwa 26, gawa kwa 12. Wajazaji wanazidisha kwa 2. Halafu wanaambatisha karatasi za wiki za ovataimu peke yake. Chukua familia ya watu wanne. Mstari wa umaskini wa 2025 ulikuwa dola 32,150 kwa mwaka, na CHIP ya Texas (bima ya watoto ambao kipato cha familia kimezidi kile cha Medicaid) inaishia takriban mara mbili ya hapo, dola 5,400 hivi kwa mwezi. Baba wa kiwandani anayepata 1,900 kabla ya makato ni dola 4,117 kwa mwezi, watoto wake wanaingia CHIP. Ukipeleka karatasi za ovataimu za 2,600, inakuwa 5,633 na wanakataliwa. Kama ovataimu si ya kudumu, omba barua ya mwajiri inayosema hivyo. Na pesa mnazotuma nyumbani Bukavu au Nyarugusu hazipunguzwi hata senti, msizitoe kwenye hesabu.

Tatu, majina. I-94 imepindua jina la ukoo, kadi ya Social Security imeandikwa vingine, kompyuta inashindwa kuthibitisha. Hapo si kukataliwa. Sheria inatoa siku 90 za kuleta uthibitisho, na mtoto anayetimiza masharti mengine anatakiwa awe na bima wakati huo wote.

Mama_Baraka
Sawa kaka Fundi, lakini bado Mlinzi hajaomba radhi.

Mlinzi_wa_Lango
Radhi ya nini? Fundi amenithibitishia kila neno. Anwani ya mjazaji ndani ya fomu ya mama! Huo ni msaada?

Kijana_wa_Columbus
Basi tuseme anayejaza kwa pesa aandikwe kwenye fomu kama mwakilishi, kwa jina na saini yake. Pesa achukue, lawama naye achukue.

Mwana_wa_Fizi
Jamani, niliuliza tuombe sasa au tungoje. Nani anangoja na mtoto mwenye pumu?

Mlinzi_wa_Lango
Mwenye hadhi ya ukimbizi aombe, sijamkataza. Nilisema wasome.

Fundi_Nyaraka
Hukusema hivyo mwanzoni, lakini nashukuru. Tangu Januari 2024 mtoto akishakubaliwa anakaa miezi 12 hata ovataimu ya baba ikipanda katikati. Kinachowatoa watoto wengi ni karatasi ya kuhuisha bima isiyorudishwa. Kuanzia Aprili 2023, majimbo yalipoanza tena kuhakiki nani bado anastahili, wengi wa waliofutwa walifutwa kwa karatasi, si kwa kipato.

Mgeni_Abilene
Samahanini, nasoma kimya muda mrefu. Kuna mama jirani, watoto wake watatu wamefutwa, barua inasema hakurudisha fomu ya kuhuisha. Mjazaji anataka dola 50 nyingine aanze ombi jipya.

Bibi_Uvira
Asilipe! Ilifungwa lini?

Mgeni_Abilene
Mwisho wa mwezi uliopita.

Fundi_Nyaraka
Basi yuko ndani ya siku 90 tangu bima ifungwe. Arudishe ile ile fomu ya kuhuisha pamoja na karatasi za mshahara, wanalazimika kuipitia bila ombi jipya. Kabla ya kuituma apige 2-1-1 abadilishe anwani iwe ya kwake, na aombe namba ya uthibitisho wa simu hiyo. Kama mtoto yeyote alitibiwa baada ya kufutwa, bili asiitupe. Ulizeni kama jimbo litarudisha bima hadi siku ilipokatika.

Mama_Baraka
Mgeni, huyo mjazaji ni wa kanisa gani?